Kukisia Bei ya Magari Yaliyotumika: Mradi wa Takwimu Chuoni

Walimu wengi wanaohitimu vyuoni hudhani kwamba takwimu katika somo la Hisabati ni kazi ya kuchora grafu za mvua na kukokotoa wastani wa alama za mtihani. Kazi hizo zina manufaa yake, lakini mwanafunzi akishachora nguzo za grafu na kuzipaka rangi, mara nyingi hubaki akijiuliza zimemsaidia kujua nini. Katika makala haya tunakusudia kuwaeleza wanachuo jinsi tulivyoanzisha, pamoja na wenzao wa mwaka wa pili, mradi wa kukisia bei ya magari yaliyotumika. Kazi ya namna hii siku hizi huitwa sayansi ya data. Hatuandiki ili kumgeuza mwalimu wa shule ya msingi kuwa mfanyabiashara wa magari au fundi wa kompyuta. Sisi wenyewe tuna stashahada ya ualimu, na kompyuta tumeizoea kazini tu. Tunaandika kwa sababu mradi huu ulituonyesha kwa uwazi tofauti iliyopo kati ya kujifunza na kukariri, tofauti ambayo kila mwalimu hana budi kuielewa kabla ya kushika chaki.

Swali la Mradi

Mradi wa takwimu hauanzi na hesabu, bali huanza na swali la mtu mwenye haja ya jibu. Katika chuo chetu mtu huyo alikuwa mwalimu mwenzetu aliyekuwa akijiandaa kuchukua mkopo ili anunue gari dogo aina ya Toyota IST. Mkopo huo angeulipa kwa kukatwa mshahara kila mwezi kwa miaka minne. Dalali alikwisha mtajia bei. Siku moja katika chumba cha walimu alituuliza, "Jamani, bei hii ni ya haki au naliwa?" Kila aliyekuwapo alikuwa na jibu, wala majibu mawili hayakufanana. Tukaona kwamba swali hilo ni zana ya kufundishia iliyotujia yenyewe, tukalipeleka darasani kwa ruhusa yake.

Jambo la kwanza tuliloshughulika nalo ni kulitengeneza swali. "Bei hii ni ya haki?" ni swali ambalo mizani ya Hisabati haiwezi kulipima, kwa kuwa kila mmoja ana haki yake. Baada ya mabishano ya kipindi kizima wanachuo waliligeuza likawa hivi: "Tukijua umri wa gari, kilomita lilizotembea na ukubwa wa injini yake, je, twaweza kukisia bei atakayotaja muuzaji, na tutakosea kwa kiasi gani?" Msomaji aangalie vizuri sehemu ya mwisho ya swali hilo. Anayekisia bila kueleza kadiri anavyoweza kukosea hana tofauti na mpiga ramli.

Aidha, angalia kwamba swali linataja bei atakayotaja muuzaji, si bei atakayolipwa. Bei ya kutajwa huonekana kwenye kioo cha gari na katika matangazo, ilhali bei ya kulipwa ni siri ya watu wawili. Hatukuwa na njia ya kuipata ya pili, kwa hiyo hatukudai kuikisia.

Kukusanya na Kusafisha

Ziko takwimu za magari zilizokwisha kukusanywa na wengine. Mwaka 1987 hazina ya takwimu ya Chuo Kikuu cha California, Irvine, ilipokea jedwali la magari 205 ya mwaka 1985, na wanaojifunza kazi hii katika nchi nyingi hulitumia jedwali hilo kwa mazoezi hata leo. Lakini hayo ni magari ya soko la Marekani, na bei zake ni dola za wakati ule. Hayawezi kumjibu mwalimu wa hapa kwetu anayetaka kukopa. Elimu ya Kujitegemea, iliyotangazwa mwaka 1967, ilitaka masomo ya shule yafungamane na maisha ya watu waliozunguka shule. Kwa hiyo tuliamua kukusanya zetu.

Kwa Jumamosi mbili wanachuo walipita katika yadi za magari mjini na kusoma matangazo. Tuliweka masharti mawili. La kwanza, wachunguze aina moja tu, yaani Toyota IST, ili tusilinganishe mbuzi na ng'ombe. La pili, wasiandike jina wala namba ya simu ya mtu yeyote, na katika namba ya gari waandike herufi ya kwanza tu kati ya zile tatu za mwisho. Tulichochunguza ni magari, si watu.

Herufi hiyo ilizua mjadala mzuri. Msomaji anafahamu kwamba namba za magari ya watu binafsi katika Tanzania huanza na T, zikafuata tarakimu tatu na kisha herufi tatu, na kwamba herufi hizo zimekuwa zikisonga mbele kadiri magari yanavyosajiliwa. Ndiyo maana watu husema gari ni "namba C", "namba D" au "namba E". Baadhi ya wanachuo walitaka kuitumia herufi kama kipimo cha umri wa gari. Wenzao wakapinga, nao walikuwa na hoja. Magari mengi ya aina hii huja kutoka Japani yakiwa yamekwisha kutumika kwa miaka kadhaa. Herufi hueleza gari lilisajiliwa lini hapa nchini, haielezi lilitengenezwa lini, kama vile mwaka wa kuandikishwa darasa la kwanza usivyokuwa mwaka wa kuzaliwa mtoto. Hata hivyo wanunuzi huithamini herufi hiyo, kwa sababu hudokeza muda ambao gari limepita katika barabara zetu. Basi mwaka wa kutengenezwa ukapewa safu yake katika jedwali, na herufi ikapewa safu nyingine.

Jina la gari nalo lilihitaji uangalifu. Toyota IST ya kwanza ilianza kutengenezwa mwaka 2002, na mwaka 2007 likaja umbo jipya lenye jina lile lile. Anayechanganya maumbo hayo mawili bila kuyatofautisha ataona bei zinaruka ghafla na hatajua sababu. Tukaongeza safu ya umbo.

Kisha ikaja kazi ya kusafisha, ambayo ilichukua muda mrefu kuliko kazi nyingine zote. Gari moja lililotengenezwa zamani lilionyesha kilomita chache mno kwa umri wake. Wanachuo walitaka kulifuta. Tuliwakataza kulifuta na tuliwakataza pia kulirekebisha kwa kubuni, bali waliweka alama ya shaka pembeni ili atakayesoma jedwali ajue. Tatizo lililotusumbua zaidi lilikuwa la marudio. Gari moja liliweza kutangazwa na madalali watatu kwa bei tatu, nasi tukaliandika mara tatu kana kwamba ni magari matatu. Kwa kulinganisha rangi, kilomita na mwaka wa kutengenezwa, wanachuo waliyatambua marudio hayo, wakabakiza bei iliyotajwa pale gari lilipoegeshwa. Mwishoni yalibaki magari 48.

Bahasha

Hapo ndipo tulipofanya tendo ambalo wanachuo hawakulipenda. Tuliandika habari za kila gari katika kikaratasi, tukavikunja vikaratasi vyote 48 na kuvitia kapuni, kisha mwanachuo mmoja akachomoa 12 bila kuangalia. Hivyo 12 vilitiwa katika bahasha, bahasha ikagundishwa, kiongozi wa darasa akatia sahihi yake juu ya mahali palipofungwa, nayo ikawekwa katika saraka yenye kufuli. Magari 36 yaliyobaki ndiyo wanachuo walioruhusiwa kujifunzia.

Walilalamika. Walisema wametembea juani kwa siku mbili, na sasa robo ya jasho lao imefungiwa. Tuliwajibu kwamba sababu wataiona wenyewe.

Kukisia

Tulianza na makisio mepesi kuliko yote, yaani wastani. Tuchukue mfano wa kubuni wenye magari matatu. La kwanza lina umri wa miaka 12 na bei ya shilingi milioni 13, la pili miaka 14 na milioni 12, la tatu miaka 16 na milioni 8. Wastani wa bei ni milioni 11. Tukimwambia kila muuliza bei kwamba gari lake ni la milioni 11, tutakosea kwa milioni 2, milioni 1 na milioni 3. Yaani kwa wastani milioni 2 kwa kila gari. Kosa hili ni kubwa, lakini lina faida ya kuwa kipimo chetu cha kuanzia. Kanuni yoyote iliyo ngumu zaidi ikishindwa kukosea chini ya hapo, haifai kitu.

Baadaye tulizichora bei hizo katika grafu, umri ukiwa katika mhimili wa mlalo na bei katika mhimili wa wima. Nukta zilishuka kuelekea kulia, lakini hazikukaa katika mstari mmoja ulionyooka. Mstari upi basi upite katikati yake? Mwaka 1805 mwanahisabati Mfaransa Adrien-Marie Legendre, aliyekuwa akishughulika na njia za vimondo vyenye mkia angani, alichapisha jibu ambalo dunia bado inalitumia. Alisema tuchukue tofauti kati ya kila nukta na mstari, tuiweke katika kipeo cha pili, tujumlishe, kisha tuchague mstari unaotoa jumla ndogo kuliko yote. Katika mfano wetu mstari huo hukisia milioni 13 na nusu, milioni 11, na milioni 8 na nusu, yaani bei hupungua kwa shilingi 1,250,000 kila mwaka. Makosa sasa ni nusu milioni, milioni 1 na nusu milioni. Jumla ya vipeo vya pili, iliyokuwa 14 tulipotumia wastani, imekuwa 1.5. Mwanachuo aliyekokotoa haya kwa kalamu hatishwi tena na kompyuta, maana kompyuta hufanya hesabu hii hii, ila kwa magari mengi na safu nyingi kwa pamoja.

Tuligawa darasa katika vikundi vitatu. Kikundi cha kwanza kilibaki na wastani. Cha pili kilitengeneza kanuni ya mstari wa namna ya Legendre, kikiongeza umbo, kilomita na herufi. Cha tatu, chenye wanachuo hodari wa kompyuta, kilitengeneza mti wa maswali. Mti huo huuliza, kwa mfano: "Je, gari lina zaidi ya miaka 14?" Likijibiwa, huuliza swali jingine, na jingine, hadi ufike kwenye tawi lenye bei. Wanakikundi hawakuuwekea mti wao kikomo, wakauacha uendelee kuuliza hadi kila gari likapata tawi lake peke yake.

Siku ya kutoa taarifa, kikundi cha tatu kilisimama kwa fahari. Kwa magari yote 36 mti wao haukukosea hata shilingi moja. Kikundi cha pili kilikiri kwamba kanuni yao ilikosea, pengine kidogo, pengine zaidi, karibu kwa kila gari. Darasa lilikipigia makofi kikundi cha tatu.

Ndipo tukaifungua bahasha mbele yao. Kwa magari 12 ambayo hakuna aliyekuwa ameyaona, kanuni ya kikundi cha pili ilikosea kwa kiasi kile kile ilichokuwa imekiri, au zaidi kidogo, na ilikuwa bora kuliko wastani kwa mbali. Mti wa kikundi cha tatu, ambao haukuwa umekosea hata mara moja, sasa ulikosea zaidi kuliko mstari. Darasa lilikaa kimya. Kisha mwanachuo mmoja wa kikundi hicho akasema taratibu, "Kumbe mti wetu haukujifunza bei za magari. Ulikariri magari."

Hatukuwa na la kuongeza. Tuliwakumbusha tu juu ya marudio. Kama gari lililotangazwa na madalali watatu lingeachwa katika jedwali mara tatu, huenda nakala moja ingeingia katika bahasha na nyingine ikabaki nje. Mti uliokariri ungelitambua, ukapata alama za bure, nasi tungeusifu. Huko ni kuvuja kwa mtihani, na mtihani waweza kuvuja hata pasipokuwa na mwizi.

Gari la Mwenzetu

Kanuni ya kikundi cha pili ilitumika kulikisia gari la mwalimu mwenzetu. Bei aliyotajiwa na dalali ilikuwa chini ya makisio yetu, na tofauti hiyo ilizidi mara mbili kosa la kawaida la kanuni. Wanachuo kadhaa walishangilia wakisema amepata bahati, akalipe upesi. Mmoja akauliza: kwa nini muuzaji apoteze fedha zote hizo kwa mtu asiyemjua?

Hilo ndilo swali lililostahili kuulizwa. Jedwali letu lilikuwa na safu chache tu, na muuzaji anajua mengi ambayo hayamo. Mwanauchumi wa Marekani George Akerlof aliandika mwaka 1970 kuhusu hali hii katika soko la magari yaliyotumika, ambapo muuzaji anazijua kasoro za gari na mnunuzi hazijui. Mwaka 2001 alikuwa mmoja wa watatu waliopewa Tuzo ya Nobel ya uchumi. Mwenzetu alimchukua fundi anayemwamini. Fundi alilala chini ya gari, akaona sehemu ya mbele imechomelewa upya, dalili ya ajali kubwa. Mwenzetu hakulinunua. Hadi tunapoandika makala haya bado anapanda daladala, lakini mshahara wake haukatwi kwa ajili ya gari bovu.

Wanachuo walitambua hapo kwamba kanuni haikutoa hukumu. Ilionyesha tu mahali pa kuuliza, na kuuliza kulibaki kuwa kazi ya watu.

Mafunzo kwa Mwalimu

Sisi tulio wakufunzi hukaa nyuma ya madarasa mengi wakati wa mazoezi ya kufundisha. Tumeona mara nyingi mwalimu akifanya mifano minne ubaoni kwa ustadi, wanafunzi wakainakili, na Ijumaa jaribio likawa na mifano ile ile minne, pengine tarakimu moja imebadilishwa. Darasa zima hufaulu. Mwalimu hufurahi, mkuu wa shule hufurahi, nasi hualikwa kufurahi pamoja nao. Juma linalofuata swali lile lile likivikwa maneno mengine, kwamba Asha alinunua madaftari badala ya kwamba Juma aliuza maembe, nusu ya darasa huinama. Watoto hao si wajinga. Wamefanya kama mti wa kikundi cha tatu: walipewa mifano ya kuhifadhi, wakapimwa kwa mifano waliyohifadhi, wakapata alama zote.

Elimu ya Kujitegemea ililalamikia zamani mitihani inayopima kumbukumbu kuliko fikra. Inatupasa kukiri kwamba lalamiko hilo linatuhusu hata leo, wala haliwahusu watunga mitihani ya taifa peke yao. Linamhusu kila mwalimu anayetunga jaribio la Ijumaa. Alama mia kwa maswali yaliyokwisha kuonekana hazituambii kama mtoto amejifunza. Alama sitini kwa maswali mapya hutuambia mengi.

Mwanachuo anayetaka kuufanya mradi wa namna hii katika shule ya msingi hahitaji magari wala kompyuta. Wanafunzi wa darasa la tano au la sita walete maembe 20 ya aina moja. Wapime mzingo wa kila embe kwa uzi na rula, na uzito wake kwa mizani. Wachomoe maembe 5 kwa kura na kuziweka takwimu zake katika bahasha. Kwa maembe 15 yaliyobaki wachore grafu ya mzingo na uzito, wapitishe mstari katikati ya nukta kwa macho tu, kisha wafungue bahasha na kukisia uzito kwa kutumia mzingo. Waandike tofauti zao zote bila kuficha. Atakayekosea kwa gramu chache apongezwe, na atakayekosea sana aulizwe kwa upole ni kitu gani kuhusu embe lile uzi haukuweza kukipima.

Kuhusu masomo mengine ya kila siku, ushauri wetu ni mfupi. Utakapokwenda kwenye mazoezi ya kufundisha, usitunge jaribio baada ya kumaliza mada, wakati mifano ya ubaoni ingali kichwani mwako. Litunge siku ile unapoandika andalio la somo la kwanza la mada hiyo, kabla hujachagua mifano. Litie katika bahasha, uigundishe, utie sahihi. Kisha fundisha kwa mifano mingine kabisa, na siku ya Ijumaa uifungue bahasha mbele ya wanafunzi wako.